Inazima Saa Ngapi? Mazungumzo ya Fundi na Wazazi Kuhusu Kompyuta Zinazojizima

(Haya niliyasema kwenye ukumbi wa skuli moja hapa Unguja, Jumamosi baada ya sala ya alasiri, wazazi waliponiita kuzungumzia kompyuta za majumbani. Nimeyaandika kutoka kwenye rikodi ya simu, nikapunguza pale nilipojirudia.)

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Mwalimu mkuu, sheha wetu, wazee wangu, mama zangu, na nyinyi wanangu mliojibana nyuma chini ya feni, nashukuru kwa kuniita.

Kabla sijasema lolote, mnaiona kompyuta hii hapa mezani. Si yangu. Kaniletea mama mmoja aliye kati yenu. Sitamtaja, mwenyewe anajijua na nasikia anacheka. Inajizima. Nimeiwasha sasa hivi, nimeifungulia video mbili kwa pamoja ipate kazi, na kwenye karatasi hii nimeandika: saa 10:10. Kitambaa chake nimekirudisha juu vilevile kinavyokaa nyumbani. Tuiache hapo. Atakayeiona imezima apige kelele, hata kama nimo katikati ya maneno.

Kazi hii nimeianza 2003, nikiwa kijana wa kufagia na kuuza dakika kwenye intaneti kafe moja mjini. Mwezi wa Agosti mwaka ule mashine zetu zote zilishikwa na ugonjwa mmoja. Mteja kakaa, anaandika barua yake, mara kinatokea kisanduku kinasema kompyuta itazima baada ya sekunde 60, na sekunde zinahesabiwa mbele ya macho yake: 59, 58, 57. Wateja wakidhani dakika zao zimekwisha na sisi tunawafukuza kistaarabu. (Kicheko.) Kumbe ni kirusi, jina lake Blaster, kilichokuwa kikiingia kwenye Windows XP na Windows 2000 kupitia mtandao bila ya mtu kufungua kitu chochote. Tulijifunza kuandika amri moja, shutdown -a, mbio mbio kabla hesabu haijafika sifuri, na hesabu inasimama. Mimi nilikuwa hodari kuliko wote pale. Hiyo ndiyo iliyonipandisha kutoka kwenye ufagio.

Kirusi kile kilikuwa na adabu: kinapiga hodi, kinakuambia kinakuja kukuzimia, kinakupa dakika nzima. Baadaye nikakutana na mashine zinazokata papo hapo kama mtu kavuta waya. Nyingine zinatoa skrini ya buluu kwanza. Nyingine feni inazunguka, taa inawaka, ila kioo ni cheusi, na hiyo haijazima hata kidogo, ina maradhi mengine. Ndipo nilipopata tabia ambayo watu wengi hawaipendi. Mtu akiniletea kompyuta akaniambia "inazima", namuuliza: inazima saa ngapi? Wananitazama kama nimewauliza bei ya mahari ya dada zao.

Maana hapa mjini dawa inajulikana: kupiga Windows, yaani kufuta yaliyomo na kuiweka Windows upya. Kompyuta nzito, piga Windows. Haina sauti, piga Windows. Inazima, piga Windows. Mnajua kwa nini dawa hiyo inaonekana inafanya kazi? Kwa sababu dukani kwa fundi mashine imekaa juu ya meza, mfuniko umetolewa, feni ya mezani inapuliza, umeme umepita kwenye stabilaiza, kile kifaa cha kusawazisha umeme, na haina kazi yoyote zaidi ya kuonesha picha ya kilima kijani. Haitazima hata ukiiacha siku mbili. Unalipa, unaichukua, unairudisha kwenye kona yake nyumbani, siku ya tatu imezima. Na picha za harusi hazipo. Mimi napiga Windows kama fundi yeyote, nakula kwa kazi hiyo, lakini sijawahi kuona Windows mpya ikiondoa vumbi kwenye feni.

Kisa cha mzee wangu mmoja wa Kikwajuni, mwalimu mstaafu. Alikuwa anaandika nasaba ya ukoo wao, nani kamzaa nani, tangu babu yao aliyehamia kutoka Pemba. Kompyuta ikawa inajizima. Fundi wa kwanza akapiga Windows. Fundi wa pili akapiga Windows na akamuuzia juu yake ramu, ile kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Kwenye kupigwa huko kwa pili, kurasa 40 na kitu za nasaba zikaondoka na babu mwenyewe. Mzee aliponijia hakuwa anataka kutengenezewa. Alitaka kuniuzia.

Nikamuuliza inazima saa ngapi. Akanijibu kimwalimu: "Wewe kijana, ningekuwa najua itazima saa ngapi, si ningeizima mwenyewe mapema?" Nikampa daftari la kurasa 40, la watoto. Nikamwambia kwa wiki moja asibadilishe kitu, ila kila ikizima aandike saa, alikuwa anafanya nini, na taa ya chumbani ilifanyaje. Mwalimu ni mwalimu. Wiki ya pili kaniletea jedwali limepigwa mistari kwa rula, wino mwekundu na wa buluu. Imezima mara 11. Mara 9 kati ya hizo ni baina ya magharibi na isha.

Joto halijui adhana. Jambo linalotokea kila siku magharibi linatoka nje ya mashine, na nje ya mashine kilichopo ni umeme.

Nikenda kwake siku ya Jumanne na mita yangu, nikaichomeka soketi ileile ya kompyuta, tukakaa tunakunywa kahawa na kashata. Umeme wetu unatakiwa uwe volti 230. Mita ikisoma 221, 219, sina neno. Jua likazama, mtaa ukawasha taa, pasi na majiko: 205, halafu 198. Kompyuta inawaka. Mara nyuma ya nyumba nikasikia mngurumo, kijana wa jirani kawasha pampu apandishe maji kwenye tangi. Taa ya chumbani ikanywea, ikawa ya rangi ya chungwa kama kibatari. Mita ikashuka hadi 160 na kitu, ikapanda tena. Kufumba na kufumbua. Taa ikarudi. Kompyuta haikurudi. Mzee akachukua kalamu, akaandika saa, akaniambia, "Ya kumi na mbili."

Mota ya pampu inapoanza kuzunguka inavuta umeme mara kadhaa zaidi kuliko inapokwisha kushika mwendo. Kwa sekunde hiyo moja, wote mnaokula kwenye waya mmoja nayo mnabaki na makombo. Na ile pawa saplai, kile kisanduku cha chuma kinachoingiza umeme kwenye kompyuta, kina akiba ndogo sana ndani yake. Mashine ikiwa na kazi, akiba hiyo inatosha kama milisekunde 16, yaani haifiki hata sehemu moja ya hamsini ya sekunde. Ikiona umeme uliopo hautoshi, inakata kwa makusudi kuliko kuilisha prosesa, ule ubongo wa mashine, umeme mbovu.

Ya mzee ilikuwa ya zamani, zile zenye swichi nyekundu nyuma iliyoandikwa 115 na 230. Nyingi za siku hizi kwenye lebo yake zimeandikwa 100 hadi 240, na hizo zinauvumilia umeme mdogo vizuri zaidi. Na wanangu, kwa kuwa nawaona mnatabasamu, ile swichi nyekundu msiiguse. Ukiipeleka kwenye 115 hapa Unguja utasikia mlio mmoja tu, na harufu itakaa chumbani wiki nzima. Basi mzee tukambadilishia pawa saplai, nikamtolea nzima kwenye mashine iliyokufa kwa sababu nyingine, na akanunua UPS, kile kisanduku cha betri kinachoishikilia kompyuta umeme ukikatika, yenye stabilaiza ndani. Ramu aliyouziwa bado imo, haina kosa lolote. Nasaba ameianza upya, na safari hii ipo kwenye flashi mbili, moja anayo bintiye.

Wenye umri wangu hamhitaji kuhubiriwa umeme ni kitu gani. Mei hadi Juni 2008 kisiwa kizima tulikaa gizani karibu mwezi, tukadhani mtihani ndio huo. Kumbe Disemba 2009 hadi Machi 2010 tukakaa miezi mitatu, kwa hitilafu kwenye njia inayopita chini ya bahari kutoka Bara. Waya mpya ulio mkubwa zaidi ulizinduliwa 2013. Mimi miezi ile ya jenereta ndiyo iliyonifundisha kutembea na mita mfukoni, kwa sababu vijenereta vya petroli vinapandisha na kushusha umeme kama mtu mwenye homa ya malaria. Nilipata kazi nyingi, kazi ambazo sikuziombea dua.

Sasa nyumbani kwenu, kabla hamjamtafuta fundi, fuateni waya. Tazameni ekstensheni. Ikiwa friji, birika la umeme na kompyuta vyote vimening'inia kwenye ekstensheni moja, jibu mnalo. Shikeni plagi baada ya saa moja ya matumizi, ikiwa ya moto au imepiga weusi, ibadilishwe. Na liko hili la kwetu khasa. Soketi zetu ni za miguu mitatu ya bapa. Mashine za mtumba kutoka Ulaya zinakuja na plagi ya miguu miwili ya mviringo. Nyinyi mnafanyaje? Mnachukua kijiti cha kibiriti au kifuniko cha kalamu, mnakisukuma kwenye tundu la juu, matundu ya chini yanafunguka, mnapachika. Inashika kwa rehema za Mungu. Mtoto akipita mbio waya unatikisika, kompyuta imezima, mnasema ni kirusi. Na erthi, ile njia ya kuwakinga na umeme unaovuja, ndiyo hiyo mmeshaiziba kwa kibiriti…

(Hapa mtoto mmoja wa mstari wa mbele alipiga kelele: "Imezima!")

Imezima! Saa ngapi hiyo? Saa 10:32. Ahsante mwanangu. Andika hapa: dakika 22. Sasa njoo uiwashe tena, usiipumzishe. Bonyeza. Imewaka. Taa za ukumbi hazikunywea, feni ya juu haikupunguza mwendo, kwa hiyo umeme leo tuuache. Fungua video zilezile mbili. Tusimame nayo kidogo, nani ana maji ya kunywa?

(Tulisubiri. Sheha alinipa maji.)

Imezima tena. Saa 10:36. Safari ya kwanza ilikaa 22, hii haikukaa hata 4. Mkiona hivyo nyumbani, kwamba ikiwa imelala usiku kucha inakaa muda mrefu, ukiiwasha papo hapo inakaa kidogo, ukiipumzisha nusu saa inakaa sana tena, hilo ni joto. Umeme mbovu hauna hesabu hiyo. Ramu mbovu haina hesabu hiyo.

Prosesa ina kipimo cha joto ndani yake. Nyingi za Intel mpaka wake ni nyuzi 100 hivi, za Ryzen nyingi ni 95. Ikikaribia hapo kwanza inapunguza mwendo ili ipoe, na ndiyo maana mliona video imeanza kukwama-kwama kama dakika mbili kabla. Isipopoa inakata kila kitu isiungue. Inajiokoa nafsi yake. Na tumo kwenye kaskazi, chumba chenye nyuzi 32 feni yake inapuliza hewa ya nyuzi 32, haina nyingine ya kupuliza.

Haya, tuifungue. Waya natoa ukutani kwanza, si kuzima tu, kutoa. Halafu nabonyeza kitufe cha kuwashia mara moja ikiwa haina waya, umalizike umeme uliobaki. Nagusa chuma cha kasha. Skrubu mbili nyuma, mfuniko huu unatelezeshwa hivi…

Subhanallah. Mwalimu mkuu, hebu sogea. Hii si feni tena, huu ni mto wa kulalia. (Kicheko kirefu.) Mama, unashona? Anashona. Cherehani iko chumba kimoja na kompyuta? Iko. Basi vumbi la kanga na madira yote ya Idi mbili tatu limekuja kulala hapa, baina ya feni na haya mapezi ya chuma cha kupoozea. Hewa haipiti. Na nuseni, mnasikia nini? Udi. Moshi wa udi na ubani una mafutamafuta, unalishika vumbi kama gundi. Sisemi msifukize, nyumba isiyofukizwa ni nyumba gani? Ila chetezo kisiwekwe chini ya meza ya kompyuta, kwa sababu feni itavuta moshi wote na nyinyi mtabaki na makaa.

Na kitambaa hiki. Kizuri, kimedariziwa mawaridi, sitaki kukisema vibaya. Lakini tazameni kinapoanguka kwa nyuma, kimeziba tundu la feni ya pawa saplai lote. Mashine imevishwa baibui halafu ikaambiwa ikimbie.

Nasafisha kwa brashi ya rangi, ya inchi moja, mpya na kavu. Panga la feni nalishika kwa kidole lisizunguke. Wenye blowa, ile mashine ya kupuliza upepo, nao vilevile, mkiacha feni izunguke kwa upepo wa blowa mnaiua. Kazi hii ifanyeni uani, mimi leo naifanya ukumbini na mwalimu mkuu atanisamehe. Msipulize kwa mdomo. Mdomo una mate, na mate yana chumvi, na chumvi ya hewani tunayo ya kutosha kwa sisi tunaokaa karibu na bahari.

Natoa chuma cha kupoozea. Hapa kati yake na prosesa palikuwa na pesti, ile inayopitisha joto. Miaka ikipita inakauka. Hii, oneni, inabanduka kama chokaa ya ukuta. Naifuta kwa spiriti na kitambaa cha pamba mpaka prosesa ing'ae, naweka mpya kiasi cha punje moja ya mchele, katikati, basi. Ziko video za vijana wanaipaka kama siagi kwenye mkate wa mofa. Ikizidi inamwagikia pembeni na kuchafua tu. Skrubu nakaza kidogo kidogo kwa mshazari, huku kisha kule, kikae sawa.

Wakati nakaza, yule kijana wa nyuma kanyoosha mkono. Sema kwa sauti. Anauliza, na kama haina saa yake, inazima ovyo tu, na wewe humo chumbani wakati inazima?

Suali zuri. Kompyuta yenyewe ina daftari. Bonyeza kitufe cha Windows, andika eventvwr, ingia kwenye kumbukumbu za mfumo. Humo mna namba. Namba 41, yenye jina Kernel-Power, inasema mashine imeamka na ikakuta haikuzimwa kwa utaratibu. Wengi wakiiona 41 wanaishika hiyohiyo, wanaitafuta kwenye intaneti, wananunua kitu. Haina jibu ndani yake. Ni kama mtu aliyezimia akazinduka, anakwambia alianguka, hajui kilichomwangusha. Namba 1074 ni nyingine kabisa, hapo yupo aliyetoa amri na jina la programu limeandikwa. Mara nyingi ni masasisho ya Windows. Mara nyingine ni mwanao. Ninayoipenda mimi ni 6008, kwa sababu inakuandikia tarehe na saa ambayo mashine ilikatika. Jedwali la yule mwalimu wa Kikwajuni nililinganisha na 6008 zake zote, na mzee hakukosea hata moja.

Kama ni skrini ya buluu inayopita haraka hata huisomi, andika sysdm.cpl, ingia kwenye sehemu ya kuwasha na kuokoa mfumo, ondoa ile tiki ya kujiwasha upya. Safari nyingine itasimama na utaipiga picha kwa simu. Hapo ndipo ramu inapoingia kwenye mazungumzo, na ramu dawa ya kwanza ni kifutio cha skuli: itoe, sugua meno yake ya dhahabu taratibu, futa, irudishe mpaka ilie "ta". Hewa yetu ya chumvi inachafua meno hayo kuliko mnavyodhani. Kisha andika mdsched uiache Windows iipime ramu yenyewe. Zikiwa mbili, jaribu moja moja.

Mengine nayapitia mbio. Ikiwa kila ukiwasha inazima baada ya sekunde 4 au 5, usifungue kitu, tazama kitufe cha kuwashia. Ukikibonyeza ukakishikilia sekunde 4 hivi, mashine inazimwa kwa nguvu, ndivyo ilivyotengenezwa. Nililetewa moja iliyomwagiwa juisi ya ukwaju na mtoto. Kitufe kiliingia ndani kikaganda na sukari, kwa hiyo mashine siku zote ilidhani kuna mtu kaishikilia. Maji ya moto na pamba, dakika kumi, nikachukua shilingi za soda tu kwa sababu niliona haya.

UPS: betri zake zinaishi miaka mitatu minne, na kwa joto letu hupungua. Betri ikifa, UPS badala ya kukulinda ndiyo inayokuzimia umeme ukipepesa tu. Ipime kwa kuichomeka kompyuta moja kwa moja ukutani siku mbili. Na printa ya leza isikae kwenye UPS, ikianza kupasha moto inavuta umeme mwingi, UPS inalia, vyote vinazima. Laptopu inayozima ukichomoa chaja tu haina siri, betri imekwisha.

Mkifungua mashine ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 tazameni kapasita, vile vipipa vidogo vya kuhifadhi umeme, kwenye mazabodi, ile bodi kubwa ya ndani. Kichwa chake kinatakiwa kiwe bapa. Kikiwa kimeumuka kama andazi, au kimetoka uchafu wa kahawia, hapo mmempata mwizi. Miaka ile zilitoka nyingi mbovu dunia nzima, na huku zikaja mtumba.

Ila kitu kimoja nawakataza. Pawa saplai msiifungue. Mimi nimeifungua moja iliyokuwa ikizima usiku tu, nikakuta mjusi kafiri aliyekauka, kajilaza juu ya saketi alipopata joto lake. Mkia wake uligusa pasipotakiwa. Mtacheka, lakini kapasita kubwa iliyomo humo inaweka volti 300 na zaidi, na inabaki nazo hata baada ya waya kutolewa ukutani. Mjusi alijifunza. Nyinyi azimeni pawa saplai nzima kwa jirani au kwa fundi, ipachikeni siku moja, mtazame kama kuzima kumekoma.

Mama wa pale, karibu. Anauliza kama anaweza kuiacha wazi bila mfuniko na kuielekezea feni ya mezani. Kwa kuishi hivyo, hapana: kuna paka, kuna watoto, kuna huyo mjusi niliyemtaja. Kwa kupima, ndiyo, tena ni kipimo kizuri na hakina gharama. Iache wazi na feni kwa siku moja, watu wazima wakiwepo. Ikiacha kuzima, ujue ni joto, na fundi atakayekwambia apige Windows mjibu umeshapima.

Mzee huyu anauliza afanye nini leo, kabla ya daftari na mita na kila kitu. Nakili mafaili yako kwenye flashi, baba. Leo leo. Diski ya kuzunguka inayokatikiwa na umeme kila siku ina siku yake.

Tumefunga. Mfuniko huo, skrubu hizo mbili. Kitambaa mama baki nacho, kaweke kwenye kochi. Mwanangu, wewe uliyepiga kelele, njoo uwashe. Video zilezile mbili. Andika: saa 11:05, inawaka. Mlio wa feni umebadilika, mnausikia? Laini. Lakini sijasema imepona. Mara ya kwanza ilikaa dakika 22, kwa hiyo mpaka 11:27 mimi sina la kusema, na nasikia kuna chai. Tuinywe hapahapa karibu nayo.